Vidole Visivyotiwa Wino

Netsai Gwatidzo alikuwa amechoka, wala si miguu tu. Miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji huko Buhera, akipanda na kushuka vilima na baiskeli isiyo na breki, akibisha hodi kwa watu ambao wakimwona tu wanafunga mlango. Mwaka ule surua ikaingia, ikaanza kubeba watoto. Redioni mabwana wakubwa walibishana kutwa: watu wa kanzu nyeupe, wale wa kanisa la nabii, walazimishwe kuchanja watoto wao, au wabembelezwe? Netsai akaizima. Kazi yenyewe yote alikuwa amesukumiwa yeye.

Kwa watu wa kanzu nyeupe sindano ni dhambi. Mtoto akiugua ni maji ya maombi, basi. Lakini mama ni mama, jamani! Wake zao walijifanya wanakwenda kuokota kuni, wakazunguka nyuma ya nyumba ya Netsai na watoto mgongoni, na nesi aliyemwita kutoka kliniki akawachoma harakaharaka. Kila aliyechanjwa alipaswa kutiwa wino kidoleni. Hawa hawakutiwa, na kadi zao alizificha Netsai. Aliwaapia kwamba hasemi ng'o, maana mume akijua, mke anafukuzwa na watoto wanabaki.

Mmoja wao, Mai Rujeko, yaani mama Rujeko, alileta watoto wake watatu. Jirani yake, Mai Munopa, hakuja. Huyo alikuwa na mmoja tu, Munopa wa miaka minne, aliyempata baada ya kuhangaika miaka minane.

Surua ilipopita mtaani kwao, watoto wa Mai Rujeko hawakukohoa hata kidogo. Jumamosi, siku yao ya ibada, nabii wao akawasimamisha mbele ya waumini, akainua mikono yao juu.

"Mnaona wino hapa? Haupo! Haya ni maombi peke yake!"

Watu wakapiga vigelegele. Mai Rujeko naye akapiga, angefanyaje?

Jumatatu Netsai, ambaye vijana walimwita Mbuya, yaani bibi, akaenda kwa Mai Munopa.

"Mwanangu, nakuomba. Mlete kesho. Ni dakika moja tu, hakuna atakayejua."

"Ah, Mbuya nawe! Kusema kweli nilishaanza kupanga kuja, hofu ilikuwa imenishika. Sasa wa Mai Rujeko si umewaona? Hawajachomwa, na wanarukaruka kama mbuzi. Nijitie dhambini kwa lipi?"

Netsai alitamani kumwambia ukweli. Akisema, Mai Rujeko anafukuzwa, na wale wanawake wengine hawarudi tena.

"Wale..." akaanza.

"Wale nini?"

"Wale wana bahati yao. Wewe mlete tu, mwanangu."

"Tutaona, Mbuya."

Netsai akarudi nyumbani, akajichukia, na sadza, ugali wao, ikamshinda kula.

Hakumleta. Munopa alikufa kwa surua baada ya siku kumi na tatu.

Msibani Netsai alikaa mkekani upande mmoja wa mama mtu, Mai Rujeko upande wa pili. Mai Munopa hakuwa na sauti tena ya kulia. Alimshika Mai Rujeko mkono, akaung'ang'ania.

"Dada, usinifiche. Wako wote watatu wapo. Mimi nilikosea wapi? Uliombaje?"

Mai Rujeko akamtazama Netsai. Netsai akatazama chini.

"Niliomba tu, dada."

"Maneno gani? Nitajie maneno yenyewe."

Basi Mai Rujeko akafumba macho, akaanza kumfundisha.