Damien Arudi Bologna

Damien Byamungu aliishi Bologna karibu miaka mitatu, lakini mtu akimwuliza mji ule ukoje hakuwa na la kusema. Alikuwa kijana aliyekimbia vita Bukavu, akaingia Ulaya kupitia Italia, akapata kazi ya kuosha vyombo katika mkahawa mmoja nyuma ya Piazza Maggiore, uwanja mkubwa wa katikati ya mji. Aliingia kwa mlango wa uchochoroni mchana, akatoka viti vimeshapinduliwa juu ya meza. Alichokijua vizuri ni sinki, mvuke na vigae vya ukutani. Baadaye mkewe, Denise, alipokelewa Uingereza pamoja na wakimbizi wengine, naye akamfuata Birmingham. Wakapata nyumba mtaa wa Castle Vale, wakamzaa Merveille, na Damien akawa dereva wa basi.

Denise alipenda kumtania. "Weye uliishi Italia kweli, ao ulipita tu?"

Alitaka waende wote wawili, aonyeshwe. Kila mwaka likatokea la kutokea, mara zamu, mara mtoto, mara homa. Kisha Denise akaugua ugonjwa usiopona, na majira ya baridi ya mwaka juzi akafariki.

Mwaka huu Merveille, ambaye siku hizi anaishi Glasgow, alimnunulia baba yake tiketi ya ndege.

"Nitaenda kufanya nini kule, mi peke yangu?" Damien alimwuliza kwenye simu.

Merveille alielewa kila neno, ila kama kawaida yake akajibu kwa Kiingereza. Alisema hata nyumbani yuko peke yake, afadhali akawe peke yake mahali penye chakula kizuri.

Alifika Bologna mvua ikinyesha, lakini hakulowa. Njia za miguu za mji ule zimefunikwa na baraza ndefu zenye nguzo, mtaa baada ya mtaa, na watu walitembea chini yake wawili wawili wakizungumza. Alisimama mbele ya kanisa la San Petronio. Ukuta wake wa mbele umevishwa marumaru chini, nusu ya juu ni tofali tupu, kazi ambayo haikumalizwa kwa mamia ya miaka. Alikuwa akipita ubavuni mwa kanisa hilo kila siku na mifuko ya takataka, na hakuwahi kuinua kichwa. Akaingia, akakaa kwenye benchi la nyuma, akamwombea Denise.

Sokoni alinunua mkate uliojazwa mortadella, ile soseji nene ya rangi ya waridi inayokatwa nyembamba kama karatasi. Alipouma mara ya kwanza akageuka pembeni kusema, "Onja hii." Pembeni alikuwepo mama mmoja mzee na kikapu chake, akamtazama, akasogea kidogo.

Jioni aliutafuta mkahawa wake wa zamani. Ulikuwepo bado, ingawa ulikuwa na mwenyewe mwingine na rangi nyingine. Safari hii aliingia kwa mlango wa mbele.

"Watu wangapi?" mhudumu aliuliza kwa Kiitaliano.

"Mmoja."

Alipewa meza ndogo ya ukutani. Mhudumu akaondoa glasi na uma wa pili, akavibeba. Damien aliagiza tortellini, vile vifundo vya unga vilivyojazwa nyama, vinavyoelea kwenye mchuzi mwepesi wa dhahabu. Enzi zile aliosha mabakuli ya chakula kile mpaka vidole vikachubuka, lakini wafanyakazi wa jikoni walikuwa wakilishwa kitu kingine. Alikula polepole. Kilikuwa kitamu kuliko alivyodhani, na utamu huo ulimtia huzuni. Alipomaliza, mikono ilitangulia akili. Akasimama, akaweka sahani juu ya bakuli, akaelekea mlango wa jikoni.

"Hapana, bwana," mhudumu alisema kwa upole, akamgusa kiwiko. "Kaa. Hiyo ni kazi yetu."

Akakaa.

Asubuhi yake, kabla ya ndege, alipita chini ya kuba moja karibu na uwanja. Kuna ajabu pale. Mtu akisimama kwenye kona akiuelekea ukuta na kunong'ona, sauti hupanda na kushuka upande wa pili, na aliye kona ya mbali huisikia kana kwamba imesemwa sikioni mwake. Damien aliona watalii wakifanya hivyo wakicheka. Kona moja ilipobaki wazi, alisogea, akaweka uso karibu na jiwe.

Sauti ya mwanamke ikamjia sikioni, kwa Kiitaliano. "Unanisikia?"

"Niko nakusikia," alijibu, kwa Kiswahili, kabla hajawaza.

Mwanamke akauliza taratibu, "Wewe ni nani?"

Damien aligeuka. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama nyuma yake na vikombe viwili vya kahawa, akingojea nafasi yake. Damien akaomba radhi, akampisha. Alipokuwa akiondoka alimsikia yule mwanamume akinong'ona ukutani, na mbali kule mkewe akacheka.

Aliporudi Birmingham hakumpigia mtu simu hadi siku ya pili. Merveille alikuwa kazini, akaahidi kumpigia baadaye. Lakini wakati wa chai pale gereji ya mabasi, dereva mwenzake, Harbhajan, alivuta kiti.

"Mke wangu anataka twende Italia mwakani," alisema. "Huko ulikokwenda kuna nini?"

Damien akaanza na marumaru na tofali. Akaeleza baraza, soko, mortadella, na kwa vile Harbhajan hali nyama, akamtajia jibini. Akamweleza ile kuba, kwamba lazima waende wote wawili, mmoja kona hii na mwingine kona ile. Chai yake ilipoa kikombeni. Alikuwa hajaongea kwa urefu namna ile tangu msiba, na Harbhajan hakumkatiza, mpaka msimamizi akaja kuwaambia mabasi yanangoja.