Maji ya Pasi Mlimani

Mafundi wa mtaa ule walimwita Chapuchapu, na si kwa kumsifu. Mikono yake ilikuwa hodari, ila ilitangulia akili. Angeshusha injini chai yako haijapoa, kisha usingizini akumbuke nati aliyoisahau. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, alijibu, "Polepole nayo haina wateja."

Wateja wenyewe hakuwa nao. Gereji yake ilikuwa mpya, watu wakiipita kwenda kwa mafundi wenye majina. Njia ya kupata jina ilikuwa moja: mashindano ya kupandisha magari madogo mlimani, barabara ya machimbo. Nusu ya mji husimama pale kutazama, na fundi aliyefanya vizuri huamka kesho yake na foleni mlangoni.

Gari alilolitaka lilikuwa la mama mkwe wake, mshonaji wa mapazia. Lilikuwa dogo, la silinda tatu, lakini lina tabo. Magoti yalikwisha kumgomea yule mama, kwa hiyo bila gari mapazia hayafiki kwa wenyewe. Chapuchapu alikohoa mlangoni mpaka akaulizwa kama ana kifua.

"Mama, naomba uniazime gari kwa mashindano ya Jumapili, nianze kulitengeneza mapema."

"Litarudi, mkwe?"

"Litarudi zima, mama."

"Haya. Nimekupa binti, nitakunyima chuma?"

Maneno hayo yalimkaa shingoni wiki nzima. Tabo kazi yake ni kuisonga hewa ndani ya injini, na hewa ikisongwa hupata moto. Moto ukizidi, petroli hulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni hutoboka. Chapuchapu aliongeza msukumo wa tabo, na ili kuipoza hewa akanyunyizia ethanoli, ile spiriti safi inayokauka upesi mkononi na kuacha baridi. Pampu hakuinunua. Alichukua ile ya kuoshea kioo cha mbele pamoja na kichupa chake, akaelekeza mpira kwenye njia ya hewa. Jumamosi jioni alilijaribu mpaka kichupa kikakauka. Gari liliruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Akatia dumu la spiriti kwenye buti, la kujazia kichupa asubuhi, akalirudisha gari uani kwa mama mkwe, akaenda kulala akiimba.

Asubuhi alichelewa. Alichukua ufunguo, akaaga akiwa amekwisha kaa kwenye usukani, huyoo.

Mlimani gari lilipanda. Halikuwa na wepesi wa jana, lakini lilivuta bila kugonga hata kwenye kona kali, pale wawili waliomtangulia walipoishia na moshi. Akashika nafasi ya pili. Watu wakamzunguka, naye akafungua boneti kwa maringo, akafungua na kifuniko cha kichupa ili wanuse siri yake.

Wakanusa. Hakikunuka kitu.

Chapuchapu alienda kufungua buti. Dumu la spiriti lilikuwa pale pale, halijafunguliwa. Akakaa chini vumbini na suruali yake ya sherehe. Alikuwa amepanda mlima ule, msukumo umeongezwa, bila kujaza kichupa. Lakini kichupa kilikuwa na maji, na maji nayo hupoza, hata kama hayatoi nguvu ya spiriti. Nani aliyeyatia?

Alilirudisha gari polepole kuliko siku yoyote ya maisha yake. Mama mkwe alikuwa kwenye cherehani.

"Mama, kile kichupa cha mbele..."

"Nilikikuta kikavu alfajiri. Mkwe wangu aende mbele za watu na kioo kichafu? Nikatia maji ya pasi, yale niliyoyachemsha, hayaachi madoa."

Chapuchapu alimweleza yote, na kwamba bila maji yale asingekuwa na injini ya kumrudishia. "Asante, mama," alisema. "Asante sana. Umeniokoa, na hukujua."

Mama mkwe alikata uzi kwa meno. "Mshukuru Mungu, mimi nilitia maji tu. Ila niambie, kama pampu inanywesha injini, kioo changu kinaoshwa na nani?"

Chapuchapu alichukua ndoo na kitambaa. Siku hizi foleni ya wateja ipo, na pampu ya kioo alikwisha funga nyingine. Hata hivyo, kila asubuhi kabla ya kufungua gereji, hupitia kwa mama mkwe akaosha kioo kile kwa mkono, taratibu, pande zote mbili.