Rungu la Mjomba Kutoka Mgeta

Siku hizi nikimwona mtu anaingia dukani na kitu kimefungwa kwenye kanga, nachoka kabla hajakaa. Kazi yangu hapa Morogoro mjini ni kutambua vitu vya kale, kuvikadiria bei na kuvitafutia wanunuzi, wale wanaovikusanya. Kwa kweli nalipwa kuwakatisha watu tamaa. Marungu mengi ninayoletewa yamechongwa juzi tu, yakapakwa rangi ya viatu na kuning'inizwa kwenye moshi.

Mama mmoja alishuka kutoka Mgeta na lori la kabichi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akigeuza kichwa kutafuta sauti imetokea wapi. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ukoo ulikuwa umekaa kikao ukamruhusu auze rungu la marehemu mjomba wake ili akatibiwe. Kwao vitu vya ukoo hurithiwa upande wa mama, na rungu hilo walilimwagia pombe kila mvua zilipochelewa.

Nililifungua bila hamu, mara uchovu ukanitoka. Lilikuwa fupi, la kurusha, kichwa kimechongwa vifundo vifundo kutoka kwenye kisiki chenye mizizi, mpini umejaa michoro kama meno ya msumeno. Nilikuwa nimeyaona ya aina hiyo kwenye picha za minada tu. Lilikuwa rungu la vita la Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki.

"Mjomba alikuwa anafanya kazi gani, mama?"

"Mpishi wa padri. Mzungu mmoja, kabla ya kuja kwetu alikaa visiwani huko, mbali sana."

Ikabidi nimweleze: padri ndiye aliyemwachia, na mjomba akawaambia ndugu zake ni la mababu. Nikamweleza na bei. La Fiji lingetibu macho yote na hela ikabaki, ila wanunuzi wa namna hiyo hawanunui bila historia. Wazee wa ukoo wangetakiwa kutia sahihi kwamba lilitoka kwa padri. Bila sahihi lingeuzwa kama pambo, na hela ingetosha jicho moja.

"Wazee wakisikia hayo, mjomba atakuwa mwongo," akasema. "Na hayupo wa kujitetea."

Nilimbishia mpaka nikakasirika. Nilimwambia aliyekufa hahitaji kuona.

"Mwanangu," akasema, akipapasa meza kutafuta kanga yake, "nitafutie hiyo bei ya jicho moja."