Mnyororo Ulipofika Mgude

Siku ya kwanza ya kazi, pale bomani Morogoro, mnyapara alinikabidhi ncha ya mnyororo wa kupimia ardhi, akanionya nisiuachie hata nikiumwa na nyoka. Ulikuwa wa vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa pete, na ulilia kila tulipotembea. Mmoja alitangulia nao, mwingine akabaki nyuma kwenye mambo, yaani kigingi kinachoonyesha tulipoishia. Ninyi vijana mnapima kwa utepe mwepesi, hamjui bega langu lilivyochubuka. Mdachi wetu tulimwita Bwana Mpima. Hakuwa mtu wa matusi, lakini nyuma yake alitembea askari mwenye kiboko, nami nilimwogopa huyo kuliko chui.

Tulipima Mkuyuni, tukapima Matombo, kisha tukaufuata Mto Ruvu hadi Mgude, kijiji cha mama yangu. Mgude kiko kando ya ziwa dogo, kipande cha mto kilichobaki nyuma mto ulipohama njia. Bibi zetu walishuka huko kutoka milimani wakati wa njaa, wakifuata kambare na udongo mweusi. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mkuu wa ukoo pale alikuwa mjomba wangu.

Tulikuta kijiji kitupu. Walikuwa wametuona tukiteremka, chuma mabegani na askari nyuma, wakajua tumekuja kufunga watu shingo, kama walivyofungwa wengine baada ya vita vya kumpinga Mdachi. Walifukia moto, wakabeba kuku, wakafagia hata nyayo zao. Walijificha vizuri mno.

Bwana Mpima alifungua daftari. Alimwambia mnyapara kuwa hapa hapana mwenyewe, ataandika ardhi ya serikali, na yuko mlowezi anayeitaka kwa pamba. Nikinyamaza, hawatakuwa na pa kurudi. Nikisema, huenda wakafungwa kweli. Nikachutama jikoni kwa mjomba, nikafukua majivu kwa vidole. Chini kulikuwa na kaa jekundu.

"Bwana, wenyewe wapo," nikasema, nikimwonyesha lile kaa.

"Waite."

Niliita kwa Kiluguru kuelekea kwenye matete ya ziwani, nikitaja jina la mama ili mjomba anitambue. Kisha akatoka peke yake, maji yakimfika magotini, akaja mpaka kwenye mnyororo, akapiga magoti na kuinamisha shingo.

"Nifunge mimi, mpwa wangu. Wengine waache."

Bwana Mpima hakuelewa. Aliagiza mzee ashike ncha ya pili, kazi iendelee. Mjomba akaizunguka Mgude yote na chuma mkononi, nami nimeshika ncha ya upande wangu.

Nimestaafu na bega limeinama. Mgude imo kwenye ramani kama ardhi yenye wenyewe, na wajukuu wa ukoo wanalima pale. Watu hunisifu. Lakini mjomba hakula tena nami sahani moja mpaka alipofariki. Alisema nilimwita aje kufungwa. Siwezi kumbishia. Nilipomwita, sikujua kama Bwana angemfunga. Nilikuwa naogopa, nikamwita.