Kanzu ya Kodi

Msinisifu kwa huruma, maana sikuanza kwa huruma. Nilianza kwa hasira. Enzi hizo za Mdachi nilikuwa nauza mihogo na maharage mbele ya boma la Morogoro, na kila mfungwa aliyefunguliwa mnyororo asubuhi alikuja kwangu kwanza, tumbo mbele. Anakula, anafuta mdomo, ananiambia nitakulipa nikipata kibarua cha reli. Kibarua anapata. Mshahara anaupeleka kilabuni. Msimu wa kodi ukifika hana rupia tatu za nyumba yake, anarudishwa kwenye mnyororo, na hela zangu zinakwenda naye.

Nikaona hapa nafilisika mchana kweupe. Nikatangaza kwamba anayetaka kula kwa mkopo atakuja siku ya mshahara, akae chini, afundishwe. Wakaja, wanaume wazima na ndevu zao, wakanicheka. Niliwaonyesha kufunga fedha kwenye pembe za shuka: fundo la kodi, fundo la chakula, na fundo dogo la upuuzi, kwa sababu mwanamume usipomwachia cha kuchezea atafungua fundo lolote atakalolikuta. Waliocheka wakaanza kuelewa. Wachache walinilipa, nami nikaanza kujiona mwalimu.

Kati yao palikuwa na Mnyamwezi mmoja, zamani mpagazi wa misafara, na mimi ni Mluguru, basi tulikuwa watani, kutukanana kutwa. Yeye aliniita kima wa milimani, mimi nikamwita punda aliyesahau mzigo njiani. Alikuwa ameshafungwa mara mbili kwa kukosa kodi, na akida, mkusanya kodi wa Mdachi, alimwambia wazi kwamba akikosa tena atachapwa viboko kuzidi vya kwanza, kisha mnyororo palepale. Alilisimulia hilo kwa mzaha, lakini muhogo ulikuwa unamshinda kumeza. Fundo lake la kodi halikuwahi kukaa siku mbili. Mwishowe akalileta kwangu, akaniomba nimwekee. Nimtukane nitakavyo, alisema, ila nisimpe mpaka siku ya kodi.

Nikaweka mwezi baada ya mwezi, mpaka rupia zikatimia tatu. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Alikuja akisema mama yake amefariki. Nikampa pole, nikamwuliza kama ni yuleyule tuliyemlilia kabla ya Ramadhani au ana mwingine. Akaja tena na jino bovu. Nikamwambia afungue kinywa. Meno yote mazima, yananicheka. Aliondoka akiniita bahili, nami nikamsindikiza kwa matusi hadi njia ya Kilakala.

Asubuhi moja akaja kimya. Akapiga magoti mbele ya chungu changu, akainamisha kichwa, akaniamkia shikamoo. Mtani wangu! Nikajua huyu kapatwa na msiba wa kweli, vinginevyo asingeniheshimu. Sikumwuliza hata neno. Nikafukua pale nilipozificha, nikampa zote tatu, nikamfungia na mihogo ya kula njiani.

Siku nne baadaye alipita mbele ya boma na kanzu mpya, nyeupe pe, kofia nyekundu kichwani, ananuka pombe. Kumbe hapakuwa na msiba wala nini! Alinijaribu kwa uongo huu na ule mpaka akaupata unaonifaa. Nililia kwa hasira, kisha, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Lakini siku ya kodi ilifika. Alisimama kwenye mstari pale bomani, mikono mitupu, anawachekesha wenzake. Kanzu ilikuwa inatikisika magotini na upepo haukuwepo. Basi nikaacha chungu motoni. Mtani ana haki ya kunyang'anya, na anayenyang'anywa haruhusiwi kukasirika. Hata askari walilijua hilo. Nikaikamata kanzu kwa pindo, nikaivuta mpaka ikamtoka kichwani, na kofia nikaivaa mwenyewe. Akabaki na shuka kiunoni. Mstari mzima ukaangua kicheko, askari nao.

Akageuka kujificha, na mgongo wake ukawa mbele yetu. Alama za viboko zilikuwa zimepandana, za mara ya kwanza chini na za mara ya pili juu, na mahali pengine ngozi ilikuwa haijashika sawasawa. Karibu mwaka mzima nilimlisha mtu yule, na sikuwahi kuuona mgongo wake. Kicheko kikakatika. Nilitafuta tusi, lolote, nikalikosa. Niliona aibu.

"Uza upesi, mtani," akasema taratibu. "Safari hii viboko sitaviweza."

Nikakimbia dukani kwa Mhindi. Aliigeuza kanzu huku na huku, akaona doa la pombe, akataja rupia mbili, kofia ikiwa humohumo. Siku nyingine ningemkalisha hapo mpaka adhuhuri, na asingepata kofia bure. Nilizipokea hivyohivyo, nikaongeza moja yangu, nikarudi mbio, nimeikusanya kaniki yangu mkononi nisijikwae. Nilipofika, mbele ya mtani wangu walikuwa wamebaki watu wawili.