Kikombe Alichokiosha Wifi

Chombo cha stenlesi hakisuguliwi kwa mchanga. Naliweka hilo mwanzo kabisa, maana nikianza kusimulia huwa nazunguka, na mtu akichoka njiani aondoke walau na hilo. Wala kwa stilwaya. Wala usikiloweke kwenye dawa ya kutakatishia mashuka. Wifi yangu alivifanyia vyangu yote matatu kwa siku moja, na hakufanya kwa kutojua.

Mimi ni wa Kasulu, nikaolewa Kibondo. Shule niliishia darasa la pili, mwalimu alikuwa anachapa hata waliopata, nikaona bora nichunge mbuzi. Nilipoolewa nilikuja na vyungu na vikombe vya bati vilivyoshika moshi wa jikoni kwa mama. Dada wa mume wangu, ndiye huyo wifi, akaja na watu wa ukoo kumtazama bibi harusi. Nikamimina rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikaionja mwenyewe kwanza mbele ya wote, kama inavyotakiwa, mgeni ajue haina kitu. Nikampa. Akanusa kikombe, akaimwaga chini polepole, akasema, "Mimi sinywi kwenye masizi."

Mgeni wa kuja angedhani kaniita mchafu tu. Kwetu mtu akikataa kunywa nawe umeshaonja, amekuita mwenye sumu. Neno lenyewe hakulitamka, na hakuwa na haja. Tangu siku ile majirani walikuja kwangu wakiwa wameshiba. Nikipeleka maharage msibani, sufuria yangu ndiyo inarudi imejaa. Wanangu walikuwa wanauliza kwa nini wenzao hawali kwetu, nikawa nawaambia wenzenu wana minyoo. Na yeye akija, anaziba mdomo kwa kanga: "Nimetoka kunywa chai sasa hivi, wifi." Nikaapa moyoni kwamba atakunywa kwangu, mbele ya watu, akitazamwa mdomoni.

Hivyo vikombe vya stenlesi, pamoja na jagi lake, nilivinunua Nyarugusu, kwa mama mmoja Mkongo aliyekuwa anauza vyombo sokoni pale kambini kwa wakimbizi. Yeye aliviita inoksi. "Mama, hii haipendake muchanga," akaniambia. "Ukiikwangula inakuwa kipofu." Nikacheka, maana sisi tumekua tukisugua vyombo mtoni kwa mchanga na majivu. Hakucheka. Akanionyesha: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, na mkono ufuate mistari ya chuma chenyewe, usizungushe ovyo. Kilichogandia kiloweke, usikichimbe. Ukimaliza kikaushe hapo hapo, maana maji yakijikaukia yenyewe yanaacha madoa meupe. Na stilwaya, alisema, inamegekea humo vipande usivyoviona, vinaota kutu, halafu watu wanasema kikombe kimeoza.

Basi nikavitunza kama mtu anavyonoa panga. Jioni nafuta, nakausha, najiona sura. Mume wangu akawa ananitania, "Mama, unajitengeneza kwenda wapi?" Nikawa namjibu siendi popote, nangoja mgeni.

Kitindamimba wetu akaposwa na kijana wa Kakonko. Katika ukoo wa mume wangu pombe ya posa anaanza kuinywa shangazi wa binti, sisi Waha tunamwita masenge. Asipokunywa, wageni wanarudi na kijana wao, na binti anabaki na jina baya. Shangazi mkubwa ni nani? Ni wifi.

Binti akanifuata jikoni. "Mama, na shangazi akikataa?"

"Atakunywa."

"Na akikataa?"

Nikamwambia akamenye viazi.

Siku moja kabla ya wageni, wifi akafika, akaingia jikoni kwangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe. "Leo nakusaidia vyombo, wifi. Watu wa Kakonko wana macho." Mimi kwa ujinga wangu nikafurahi, nikaenda shambani kukata ndizi. Kurudi, nakuta vikombe vimelala nyuma ya nyumba kwenye maji ya dawa, mchanga umetapakaa, stilwaya iko juu ya jagi.

"Nimevitakatisha," akasema, anajifuta mikono. "Vilikuwa na mafuta mafuta."

Asubuhi vilikuwa vimetoka vidoadoa vya kahawia, na jagi limekuwa kipofu kweli. Hapo nikamwelewa. Kesi ya masizi ilikuwa neno lake tu. Safari hii angenyanyua kikombe chenye kutu, kila mtu aione, ndipo amwage.

Sikulia. Nikachukua limau, bikaboneti na kitambaa, nikavipangusa kimoja kimoja. Kutu ikatoka, maana ilikuwa ya stilwaya, si ya vikombe. Mikwaruzo ilibaki kwenye jagi na kwenye kikombe kimoja alichokisugua kuliko vyote. Hicho nikakiacha na kutu yake, vile vile alivyokiacha.

Wageni wakaja, tukaamkiana kwa makofi kama ilivyo kwetu, wakakaa. Nikajimiminia kidogo, nikaonja. Kisha nikajaza kile cha kutu, nikapiga goti, nikampa wifi kwa mikono miwili. Akakitazama, akakipeleka puani.

"Wifi," akasema, "hiki kikombe kina kutu."

"Ndicho ulichonioshea jana kwa mkono wako. Sikukigusa tena, nisije nikaambiwa nimeweka kitu."

Alikuwa anatazama chini, pale pa kumwagia. Mshenga, mzee mmoja mwenye kikohozi, akaanza kucheka. "Basi mama, hiyo ni jasho lako. Kunywa, tumetoka mbali." Wanawake wakacheka mpaka mlangoni. Angemwaga, angekuwa anasema sumu ni yake.

Akanywa. Nilihesabu mafunda yakishuka kooni kwake. Alipotaka kukiweka chini nikamwambia, "Malizia, wifi. Utamu uko chini." Akamalizia.

Binti yuko Kakonko sasa, ana watoto. Msiba uliofuata, sufuria yangu ya maharage ilirudi tupu, imekombwa kwa kidole. Mume wangu aliniomba nimwachie dada yake, yamekwisha. Kwake yeye. Ile kutu niliitoa kesho yake, maana chombo hakina kosa, na mpaka leo nakifuta kama vingine. Ila akija yeye namnywesha hicho hicho chenye mikwaruzo, vingine akiviona kabatini vinang'aa.

Majuzi alikuja, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akawa anakipapasa kwa kidole gumba. "Wifi, huna kikombe kingine?"

"Ninavyo," nikamwambia, nikamwongeza chai.