Ndani ya Yungiyungi la Mama Aline

Mtakaocheka chekeni, maana haya nimejitakia mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Mbugangari, na siku hizi napenda kupiga picha za maua kwa simu, kwa karibu kabisa, nione rangi zinavyoingiliana. Mwenye nyumba wangu, Mama Aline, alikuwa amepanda mayungiyungi mekundu kwa ajili ya harusi ya binti yake. Sisi wapangaji alituonya: kuangalia ruhusa, kugusa marufuku.

Juzi, alipoenda sokoni Mahoko, nikapiga magoti mbele ya ua moja. Ndani yake kulikuwa na vidoa vyeusi vimepangana kama njia, vikishuka gizani. Vinaelekea wapi? Nikasogeza simu. Nikasogea na mimi. Mwisho nikaiweka simu chini nikaingiza uso mzima, kwa kuwa nilitaka kujua pia kama wekundu ule una harufu. Hauna.

Mama Aline aliporudi, tulimsikia wote.

"Nani amegusa maua yangu? Unga yake yote imetoka!"

"Si mimi, Mama," nikawahi kujibu. "Mimi huangalia kwa mbali. Watakuwa nyuki hao." Nikamweleza kwa kirefu kazi za nyuki, naye akanisikiliza akinitazama usoni.

"Bon, sawa," akasema. "Na hiyo nyuki iko mukubwa namna gani?"

"Wa kawaida tu, Mama."

Akaichukua simu yangu, akafungua kamera ya mbele, akaninyooshea. Pua yangu ilikuwa imejaa unga wa maua wa rangi ya chungwa mpaka kwenye nyusi.